Kijani kwenye tangi la samaki: ukwangue au uache?

Safari hii karibu barua zote zinauliza jambo moja, kwa hiyo nimezikusanya pamoja. Nikisema mwani hapa, sizungumzii ule unaovunwa baharini, bali ukoga wa kijani unaoota kwenye kioo, mawe na majani ndani ya tangi.

Kila Jumamosi nakwangua kioo, Jumatano kijani kimesharudi. Nikiacha, samaki wataumwa?

Hawataumwa. Mwani wa kijani si ugonjwa wala si dalili kwamba wewe ni mchafu. Unaota palipo na mwanga na mbolea, na mbolea kwenye tangi haikosekani: kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa naitreti, na mwani hula vyote viwili. Kwa maneno mengine, unakufanyia sehemu ya kazi ya filta bure. Mchana unatoa oksijeni pia, ingawa usiku nao huivuta kama viumbe wengine.

Mimi nakwangua kioo cha mbele tu, kwa sababu hapo ndipo ninapokaa kutazama. Cha nyuma na cha pembeni nimewaachia konokono. Nilikuwa na pupa kama yako zamani. Siku moja wageni walikuwa wanakuja, nikasugua kila kona, nikatoa na sifongo ya filta nikaisuuza kwa maji ya bomba mpaka ikatoka nyeupe. Tangi liling'aa kweli. Siku ya tatu samaki wakawa wanahemea juu ya maji, maana klorini ilikuwa imewaua bakteria waliokuwa wanaimaliza amonia, na mwani ambao ungesaidia kidogo nilikuwa nimeumwaga kwenye sinki. Tangu hapo sifongo naisuuza ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe.

Kama kijani kinarudi haraka hivyo, angalia saa za taa. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha, na tangi lisipigwe na jua la dirishani.

Nafuga mbuna. Mawe yote yamevaa kijani kama zulia. Nyumbani wananiambia huo ni uchafu, niyasugue. Niyasugue?

Tafadhali, usiyasugue! Hilo zulia ndilo shamba lao. Mbuna ni samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, na wengi wao maisha yao yote ni kuparua mwani ulioota juu ya mawe pamoja na vijidudu vilivyojificha ndani yake. Kaa mbele ya tangi dakika tano tu umwangalie mmoja. Atalikaribia jiwe, ageuke kidogo, aubandike mdomo, avute, arudi nyuma, kisha asogee kidogo na kurudia. Ukichungulia vizuri utaona alama ndogo za mdomo zimepangana kwenye kijani, kama mtu aliyepita na shoka dogo.

Tena kuna suala la tumbo. Samaki wa kula mwani wana utumbo mrefu, uliozoea chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Ukiwashindilia vyakula vizito vya nyama, tumbo huvimba na wengi hufa. Jamaa zao wa Ziwa Tanganyika, wale wa jenasi ya Tropheus, wanajulikana sana kwa tatizo hilo. Mwani wa kwenye mawe unawapa la kutafuna mchana kutwa, na samaki mwenye shughuli hana muda mwingi wa kumfukuza mwenzake.

Wafugaji wengine hata huyalima mawe: huyaweka kwenye beseni la maji juani mpaka yawe ya kijani, kisha huyabadilisha na yale yaliyoliwa yakabaki peupe. Waonyeshe wa nyumbani alama za midomo, nadhani watalegea.

Kwangu si kioo, ni maji yenyewe. Yamekuwa kama supu ya mchicha. Nimebadilisha maji mara tatu, hayasikii.

Na hayatasikia. Huo ni mwani wa chembe mojamoja unaoelea, mdogo kiasi kwamba unapenya sifongo ya filta. Ukipunguza nusu leo, nusu iliyobaki inazaana upya.

Lifunike tangi kwa blanketi zito kwa siku 3 au 4, giza kabisa, bila kuchungulia. Pampu ya hewa iendelee muda wote, maana mwani ukifa unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Samaki wazima wenye afya watavumilia siku hizo bila chakula. Ukifunua, badilisha maji karibu nusu. Kama una mimea inayopenda mwanga mwingi, itanyong'onyea kidogo. Taa ya miale ya UV inayounganishwa na filta itakufaa zaidi.

Ila usiishie kwenye blanketi. Mara nyingi chanzo ni amonia: tangi jipya, chakula kingi, au samaki aliyekufa nyuma ya jiwe na hujamwona. Wahesabu samaki mmoja mmoja.

Kuna mtu mmoja wa kuyaacha maji hayo jinsi yalivyo: anayefuga viroboto wa maji, yaani vijidudu vya majini viitwavyo daphnia. Kwao hiyo supu ndiyo chakula, na wao ni chakula cha vifaranga vya samaki.

Nyuzi ndefu za kijani zimejiviringisha kwenye mimea yangu. Zinapendeza zikipepea. Niziache?

Zinapendeza, nakubali, lakini toa. Nyuzi zinaziba mwanga wa majani, na uduvi au vifaranga wanaweza kunasa humo. Chukua mswaki wa zamani, uuchomeke katikati ya nyuzi na uuzungushe kama unavyozungusha tambi kwenye uma. Zinakuja kwa mafungu. Jani lililokwisha kufunikwa lote, kata. Kisha ongeza mimea inayokua haraka, igombanie mbolea na mwani.

Kuna utando wa kijani cha kubluu juu ya mchanga. Ukiugusa unabanduka kama ngozi, na unanuka.

Huo si mwani, ni saianobakteria, na baadhi yao hutoa sumu. Uvute wote kwa mpira wa kunyonyea maji pamoja na mchanga wa juu, kisha ongeza mzunguko wa maji mahali hapo. Huu hauna mjadala wa kuuacha.

Muuzaji ananishauri ninunue samaki wa kusafisha au chupa ya dawa. Nianze na kipi?

Usianze na chochote kati ya hivyo. Yule samaki wa kusafisha anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole ni pleko, na wa kawaida hupita sentimita 30. Akifika hapo anachafua kuliko anavyosafisha. Dawa nyingi zina shaba, nayo huua konokono na uduvi. Tena mwani ukifa wote kwa pamoja, oksijeni inashuka.

Ukitaka msaidizi, chukua konokono aina ya nerite. Analamba hata madoa sugu, na mayai yake hayatoi konokono wapya kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo hawatakujaa. Utayaona tu kama ufuta mweupe kwenye mawe, jambo linalowaudhi wengine. Otosinklasi, samaki mdogo mla mwani, ni mzuri pia, ila usimweke kwenye tangi jipya lisilo na mwani. Atakufa njaa.

Madoa madogo magumu hayatoki kwa sifongo. Naweza kutumia wembe?

Kama tangi ni la kioo, ndiyo, ukiulaza wembe na kukaa mbali na silikoni ya kwenye pembe. Kama ni la akriliki, yaani plastiki angavu, hapana: huchubuka kirahisi. Tumia kadi ya plastiki iliyokwisha muda.