Maswali ya Wasomaji: Mapinduzi Yapi ya Yemen?

SWALI: Assalaam alaikum, mhariri. Babu yangu, ambaye wazee wake walitoka Shihr, Hadhramaut, hupenda kusomewa habari za Yemen kila baada ya sala ya Alasiri, nami ndiye ninayemtafsiria kwa kadiri ya Kiarabu nilichosoma madrasa. Septemba iliyopita nilimsomea habari mbili. Ya kwanza, kutoka Sana'a, ilisherehekea mapinduzi ya tarehe 21 Septemba. Ya pili, ya upande wa serikali inayotambuliwa kimataifa, iliyalaani mapinduzi ya tarehe hiyo hiyo. Isitoshe, zote mbili zilitajwa kuwa zimetolewa na shirika la habari la Saba. Babu ameniuliza kama nasoma au natunga. Je, nimekosea wapi?
Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Wa alaikum salaam. Mwambie babu kuwa hukutunga. Kosa lipo, lakini si la madrasa yako. Limo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kiarabu cha siasa kina maneno mawili ambayo sisi tumeyatia katika kapu moja. Thawra ni umma kuinuka na kuuangusha utawala, na ni neno la sifa. Inqilab ni kundi lenye silaha kuinyakua dola, na ni neno la lawama. Kwetu yote mawili ni mapinduzi. Tarehe 12 Januari kule Zanzibar ni Mapinduzi na ni sikukuu, na ofisa wa jeshi anayetangaza redioni usiku wa manane kwamba amemwondoa rais naye amefanya mapinduzi; sisi hutegemea muktadha, na tukiona haja huongeza "ya kijeshi". Wahouthi, harakati yenye silaha kutoka kaskazini mwa Yemen, walipoutwaa mji mkuu wa Sana'a tarehe 21 Septemba 2014, vyombo vyao viliiita siku hiyo thawra, na vya wapinzani wao vikaiita inqilab. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Ikiwa ni thawra, mamlaka ya Sana'a yana haki ya kutawala. Ikiwa ni inqilab, basi Rais Abdrabbuh Mansur Hadi, aliyejiuzulu chini ya shinikizo Januari 2015, kisha akatorokea Aden na kutangua kujiuzulu kwake, aliendelea kuwa rais, na ombi lake la msaada lilitosha kuwa hoja ya Saudi Arabia na washirika wake kuanza kushambulia kutoka angani tarehe 26 Machi 2015. Wewe, bila kukusudia, uliwapatanisha mahasimu hao kwa neno moja.

Kuhusu Saba (lile jina la ufalme wa kale, si ile ya kuhesabia), hukusoma vibaya. Dola ilipogawanyika, shirika la habari nalo liligawanyika, na kila upande ukabaki na jina. Leo kuna Saba ya Sana'a iliyo chini ya Wahouthi, na kuna Saba ya serikali iliyotimuliwa huko. Tazama kwanza habari imeandikiwa mji gani, kisha tazama anayeitwa rais ni nani. Mambo hayo mawili yatakutosha.

Majina ya magazeti yenyewe ni historia ya mapinduzi. Al-Thawra, gazeti la serikali mjini Sana'a, na 26 September, gazeti la jeshi, yote yamebeba kumbukumbu ya mwaka 1962, maofisa walipouondoa utawala wa Imamu, mfalme wa kidini, huko kaskazini. Gazeti la serikali la Aden ni 14 October, tarehe ya kuanza kwa vita vya kuwaondoa Waingereza kusini mwaka 1963. Sasa fikiri: gazeti lililopewa jina la kuangushwa kwa Imamu linachapishwa leo chini ya harakati ambayo wapinzani wake huishutumu kwamba inataka kumrudisha Imamu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2023 na tena 2024 mamlaka za Sana'a ziliwakamata watu waliojitokeza kuadhimisha tarehe 26 Septemba. Tofauti ya siku tano katika kalenda imekuwa sababu ya mtu kulala mahabusu.

Yapo maneno mengine ambayo babu huenda akayafurahia, kwa kuwa mizizi yake imo vinywani mwetu. Vyombo vya Wahouthi huziita operesheni za Saudia na washirika wake adwan, yaani uchokozi, kutoka katika mzizi ule ule uliotupa adui. Na Wayemeni walio upande wa serikali, vyombo hivyo huwaita murtaziqa, mamluki, neno linalotokana na riziki, kana kwamba watu hao wameigeuza vita kuwa kazi ya kujipatia mkate. Upande huo wa serikali hujiita al-shar'iyya, uhalali, na huwaita Wahouthi milishia, yaani wanamgambo. Jihadhari na neno moja hasa: mwaka 2011, vijana walipojaza viwanja wakimtaka Rais Ali Abdullah Saleh aondoke, wao walisema thawra, huku wafuasi wa Saleh wakisema azma. Hiyo si azma yetu ya kukusudia jambo. Maana yake ni mgogoro, neno la baridi lisilomtaja mwenye kosa.

Ushauri wangu ni huu: usiyatafsiri maneno hayo. Mwachie babu thawra na inqilab kama zilivyo, naye atajua mara moja anasomewa na nani. Pale vyombo vinapopingana juu ya tukio, ngoja kidogo uone ni nani atakayebadilisha kauli. Tarehe 8 Oktoba 2016 mabomu yaliupiga ukumbi uliojaa waombolezaji mjini Sana'a, na watu wasiopungua 140 wakafa. Siku ile muungano ulioongozwa na Saudia ulikana kuhusika, na vyombo vinavyouunga mkono vikazungumzia uwezekano wa sababu nyingine. Wiki moja baadaye wachunguzi wa muungano wenyewe walikiri kwamba ndege zao ndizo zilizopiga, wakailaumu taarifa potofu iliyotoka upande wa makao makuu ya jeshi la Yemen. Msomaji aliyesubiri siku saba alijua mengi kuliko aliyebishana kutwa.

SWALI: Mwaka 2013 tuliambiwa kuwa Yemen imepata njia ya amani ya kufanya mageuzi. Je, waandishi wa huko hawakuiona vita ikija?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waliiona, na waliiandika. Tatizo ni ukurasa walioiweka.

Mkutano wa Majadiliano ya Kitaifa ulifunguliwa tarehe 18 Machi 2013 ukiwa na wajumbe 565, katika hoteli ya kifahari mjini Sana'a, kufuatia makubaliano yaliyomfanya Saleh aachie madaraka kwa kupewa kinga. Magazeti yalijaa habari za kamati, za viti vya wanawake na vijana, na za hatima ya Kusini, iliyowahi kuwa nchi peke yake. Wakati huo huo, kuanzia Oktoba, Wahouthi na Wasalafi walikuwa wakipigana Dammaj, kaskazini kabisa, na habari hizo ziliandikwa kana kwamba ni ugomvi wa majirani. Tarehe 21 Januari 2014 mjumbe wa Wahouthi, Ahmed Sharaf al-Din, aliuawa akiwa njiani kwenda mkutanoni. Siku nne baadaye ikafanyika sherehe ya kufunga. Februari ikatangazwa ramani ya majimbo sita, na Wahouthi wakaikataa, kwa kuwa Saada, mkoa wao wa asili, iliunganishwa na nyanda za juu zisizo na bahari. Serikali ilipopandisha bei ya mafuta katikati ya mwaka, walipata kauli mbiu ambayo hata mtu asiyejali ramani aliielewa.

Mimi nawalaumu wahariri kidogo tu. Gazeti la Al-Sahwa lilikuwa la chama cha Islah, Al-Thawri la Wasoshalisti, na kila moja lilikuwa na jicho kali kwa kosa la mwenzake. Waliojaribu kusimama nje ya vyama walilipa gharama tangu zamani: Al-Ayyam la Aden lilizuiwa kutoka mwaka 2009 kwa kuandika juu ya maandamano ya Kusini, na Abdulkarim al-Khaiwani, mhariri wa Al-Shoura, alifungwa mwaka 2004 kwa kuandika juu ya vita vya Saada. Baadaye al-Khaiwani aliingia katika Majadiliano upande wa Wahouthi. Alipigwa risasi akafa mjini Sana'a tarehe 18 Machi 2015, miaka miwili kamili tangu mkutano ule ufunguliwe.

Waandishi wengine wanne walikamatwa na Wahouthi mwezi Juni mwaka huo huo. Aprili 2020 mahakama ya Sana'a iliwahukumu kifo. Walitoka Aprili 2023, si kwa rufaa wala kwa msamaha, bali kwa kubadilishana mateka: waandishi wa habari walihesabiwa pamoja na askari, wakatolewa kama askari.