Kura nyingi, viti vichache

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba Marekani chama kinaweza kupata kura chache na bado kikalitawala bunge la jimbo. Yawezekanaje? Msomaji, Buruburu, Nairobi.

JIBU: Yawezekana, ndugu msomaji, na siri yake iko kwenye ramani. Hapa kwetu mipaka ya maeneobunge huwekwa na tume ya uchaguzi, IEBC. Kule, katika majimbo mengi, huchorwa na wabunge wenyewe baada ya sensa ya kila miaka 10, kwa hiyo chama chenye wingi huwarundika wafuasi wa mpinzani katika maeneo machache, kisha waliosalia kikawatawanya wasifikie wingi popote. Tazama jimbo la Wisconsin mwaka 2018: wagombea wa chama cha Democratic walipata zaidi ya nusu ya kura za bunge la chini la jimbo, lakini wapinzani wao wa chama cha Republican wakatwaa viti 63 kati ya 99. Jambo hili laniuma, maana mpiga kura amepanga foleni bure. (Democratic nao wamechora hivyo Maryland.) Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuamua malalamiko ya aina hiyo. Chama kikifikisha theluthi mbili ya viti katika mabunge yote mawili, katika majimbo mengi kinaweza kupitisha sheria hata gavana akiipinga kwa kura ya turufu.