Wadogo zangu wa fildi, "with a view to" sio "in view of"

Jana nimeletewa drafti mbili za proposo za vijana wapya ofisini kwetu hapa Dodoma na zote zina kosa lile lile, la kueleza lengo kwa Kiingereza, lililonitoa machozi mwaka wangu wa kwanza kazini, nikaona niandike leo leo kabla haijaja ya tatu.

1. "In order to" na "so as to" zinafuatwa na kitenzi kitupu, "in order to train". Ukikanusha, "not" inakaa kabla ya "to": "so as not to delay".

2. "With a view to" inataka "-ing", maana hiyo "to" ya mwisho ni kihusishi, kwa hiyo ni "with a view to drilling". Hapa ndipo nilipoumia. Nilipewa niandike barua kwa mfadhili, tunaomba hela ya kisima cha kijiji kimoja huko Bahi, nikaandika "in view of drilling a borehole". Kichwani nilikuwa na "kwa ajili ya kuchimba", na Kiswahili chetu "kwa ajili ya" inabeba sababu na inabeba lengo, mtu anakuelewa tu. Lakini "in view of" ni "kwa kuzingatia", yaani jambo lipo tayari. Mfadhili akaelewa uchimbaji unaendelea, akajibu kwa adabu kabisa akiomba mkataba wa mkandarasi na risiti, na sisi mkandarasi mwenyewe hatukuwa naye. Bosi akaniita, akaweka kidole kwenye "of" na kukiacha pale pale bila kusema kitu. Imeili za kujieleza zikaenda zikarudi mpaka Novemba, na mnajua mvua za huku zikianza Desemba gari la kuchimbia halipiti mbugani mpaka Aprili iishe. Nikaenda kuwaambia wanakijiji mwenyewe. Nilimkuta bibi mmoja korongoni, kafukua mchanga, anachota maji kwa kikombe anamimina kwenye dumu la lita 20, akanisikiliza huku anachota. "Kwa hiyo mwakani, mjukuu wangu?" Nikamjibu ndiyo, mwakani, na nimeshapanda gari ndio nakumbuka hata shikamoo sikumpa.

3. "With intent to" waachieni wanasheria. Iko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mambo ya kuvunja nyumba na kujeruhi watu, sasa mmoja wenu kaandika tunaenda Kongwa "with intent to meet village leaders", nimecheka mpaka nikamwita nimkumbatie, lakini mwanangu, ile barua isitoke hivyo.

4. "For the purpose of" na "with the aim of" zote "-ing", ila "to" peke yake ikitosha andika "to". Na acheni "I came to Dodoma for attend", nawaomba sana.

Drafti zenu ziko mezani kwangu, nimezitia alama kwa penseli, njooni mzichukue kabla ya saa nane maana nina kikao Mtumba.