Shemeji kaleta takwimu za ugaidi: binti asiende Nairobi?

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya chuo Nairobi. Shemeji kaja na karatasi ya takwimu za ugaidi: Kenya vifo mamia kwa mamia, sisi vya kuhesabu kwa vidole. Anasema nikimruhusu nampeleka machinjioni. Baba yake kanyamaza tu. Nifanyeje?
Mama wa Kiborloni, Moshi

JIBU: Dada yangu, hofu yako naijua. Jumapili ya Mei 5, 2013 nilikuwa nyumbani Sombetini bomu liliporushwa kanisani Olasiti, hapa hapa Arusha. Watu walikwenda kuzindua parokia mpya; watatu wakafa, zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Jirani yangu alirudi na kiatu kimoja, kitenge kina damu isiyo yake, akaketi kibarazani akaomba maji. Mtu akiniambia ugaidi ni mambo ya Wakenya, sinyamazi.

Karatasi ya shemeji haidanganyi. Westgate, jengo la maduka Nairobi, 2013 waliuawa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, 148, wengi wao wanafunzi kama binti yako. Lakini siku ile moja ndiyo iliyobeba hesabu ya mwaka. Na mashambulizi mengi hutokea Mandera, Wajir, Garissa na Lamu, huko mpakani na Somalia, ambako jeshi la Kenya liliingia Oktoba 2011. Redio ikisema "shambulio Kenya", wewe ukiwa Kiborloni unaona Nairobi.

Kumbuka Agosti 7, 1998. Kundi moja, asubuhi moja, balozi mbili za Marekani: Nairobi walikufa 213, Dar es Salaam 11. Je, Dar ilikuwa salama karibu mara 20? Hapana. Nairobi ubalozi ulikuwa katikati ya jiji, na jengo la jirani likaporomoka na watu ndani. Dar, gari la maji lililokuwa getini lilizuia lori la bomu lisisogee.

Linaloniuma zaidi ni majina. Kibiti, huku kwetu mkoani Pwani, Aprili 2017, askari polisi 8 waliuawa kwa mpigo, na viongozi wa vijiji nao wakawa wanauawa. Magazeti yetu yakaandika "mauaji ya Kibiti", "watu wasiojulikana". Yangetokea Mandera, tungesoma "magaidi" ukurasa wa mbele. Wakusanyaji wa takwimu huzitegemea sana habari hizohizo. Tukio likikosa jina hilo, ni rahisi lisihesabiwe.

Mimi ningemruhusu. Nairobi ina hatari zake. Januari 2019 hoteli ya Dusit waliuawa 21. Kwa hiyo uliza chuo kiko mtaa gani, hosteli iko ndani ya uzio au ni ya kupanga nje, na usiku anarudije. Kisha panda naye basi mpite Namanga, ulale naye siku mbili, umjue mwenye nyumba au mlezi wa hosteli kwa sura. Na kabla hamjaondoka, mwombe shemeji akuonyeshe Kibiti imeandikwa wapi kwenye karatasi yake.