Ngege vishada saba, kamongo vinne

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi nauza samaki Dunga, Kisumu. Kijana wangu wa shule ya upili ananiambia ngege ana vishada vingi vya jeni za kupanga mwili kuliko binadamu. Nikamuuliza, ni hawa wa vizimba wanaolishwa chakula cha dukani? Akasema la, hata wa ziwani. Kweli hiyo? Na kamongo je? Na omena?
– Muuza samaki, Dunga

JIBU: Kijana hajakudanganya, mama, na vizimba umevisingizia bure. Jambo hili lilitokea zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla hata Ziwa Viktoria halijakuwako.

Jeni anazozungumzia huitwa hoksi. Kiinitete kinapokua, ndizo zinazoamua hapa pawe shingo, hapa mbavu, pale mkia. Ajabu yake ni kwamba zimejipanga kwenye kromosomu, ule uzi unaobeba jeni ndani ya seli, kwa mfuatano ule ule wa mwili: za upande wa kichwa mwisho mmoja, za mkiani mwisho wa pili. Mmarekani Edward Lewis aliligundua hilo kwa nzi wa matunda, akachapisha mwaka 1978. Jeni hizo zikivurugika, nzi anaweza kuota mabawa manne badala ya mawili. Mwaka 1995 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

Amfioksi, kiumbe mdogo wa baharini asiye na uti wa mgongo wa mifupa, ana kishada kimoja tu, yaani safu moja ya jeni hizi. Kwa wahenga wetu jinomu nzima, yaani jeni zote kwa pamoja, ilijirudufu mara mbili, vishada vikawa vinne, na ndivyo ulivyo navyo wewe: jeni 39 kwenye kromosomu nne. Baadaye wahenga wa samaki wengi tunaowala, ngege na mbuta wakiwemo, wakarudufu tena. Wakafika vinane, kisha kimoja kikapotea. Ngege amebaki na saba. Samaki aina ya salmoni wa Atlantiki wakaongeza mrudufu wao wenyewe na leo wana 13, ila sijasikia mtu akisema salmoni ana akili kuliko mvuvi wake.

Sasa kamongo, ambaye kwangu ndiye mtamu wa hadithi hii. Ukoo wake ulitengana na wa kina ngege kabla ya mrudufu ule wa tatu, kwa hiyo ana vinne, kama wewe. Si bahati tu. Kamongo ni jamaa yetu wa karibu kuliko alivyo jamaa ya ngege, hata kama mnawalaza wote kwenye karai moja.

Kama huniamini, chukua kisu. Pezi la kamongo la ubavuni, lile jembamba kama kamba, lipasue pale linaposhikana na mwili: utakuta kipande kimoja cha gegedu kimeungana na bega, halafu vingine vikifuatana kwa viungo hadi nchani. Mkono wako nao umeshikwa begani na mfupa mmoja. Pezi la ngege limeshikwa na vijifupa kadhaa vilivyopangwa sambamba, kisha miale, ile miiba myembamba inayotandaza pezi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliharibu jeni za hoksi zenye namba 13 katika mfuatano wake, za zebrafishi, samaki mdogo wa maabara. Miale ya mapezi ikapungua sana, vijifupa vya ndani vikaongezeka. Kwa panya, jeni hizo hizo ndizo zinazojenga vidole.

Lakini kijana asikimbilie kusema vishada ndivyo vinavyoleta aina mpya za samaki. Fulu wa ziwa letu wamegawanyika kuwa mamia ya aina kwa takriban miaka 15,000, wengine wa kula konokono, wengine wa kula samaki wenzao, na mrudufu ule ulikuwa umepita zamani sana. Taya na meno vilibadilika bila kishada kipya kuongezwa.

Omena: huyo ni wa ukoo wa karibu na zebrafishi. Zebrafishi naye ana vishada saba, ila kilichompotea si kile kilichompotea ngege. Omena natarajia amfuate zebrafishi.