Mlima mdogo, mchana mfupi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na mdogo wangu tunataka kupanda kimlima kilicho karibu nasi mwishoni mwa Desemba. Kwenda na kurudi ni kilomita 10, na toka chini hadi kileleni ni kupanda mita 600. Majira haya ya baridi jua linazama saa kumi jioni. Tumepanga kuanza saa sita mchana, baridi ikishapungua. Rafiki zetu wanasema mlima wenyewe ni mdogo, hauna haja ya maandalizi. Wewe unaonaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo saa sita ndiyo inayonitia hofu, kuliko hata baridi.

Tupige hesabu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo naitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu ni saa tatu, bila kupumzika, na njia ikiwa kavu. Kwenye theluji na barafu mimi huongeza nusu yake. Mkianza saa sita, saa kumi na nusu bado mko njiani na jua limeshazama. Anzeni saa tatu asubuhi. Na kabla hamjatoka, kubalianeni saa ya kugeuka. Kwenu ningesema saa saba mchana: ikifika, mnageuka, hata kama kilele mnakiona.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikugeuka. Nilikuwa na mke wangu, mlima wenyewe mfupi kuliko wenu, na nikasema “bado kidogo tu” mara tatu. Tulipokuwa tunashuka, theluji iliyokuwa imelainika mchana iliganda upya. Njia iliyokanyagwa na watu wengi ikawa kama kioo, na ndani ya miti giza lilitukuta mapema kuliko nje. Simu niliyoitegemea kwa mwanga ilizimika, maana baridi hudhoofisha betri. Mke wangu aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Mita mia nne za mwisho zilituchukua karibu saa nzima, naye anatetemeka begani kwangu. Mpaka leo nikikumbuka mtetemeko ule roho inaniuma.

Kwa hiyo kila mmoja wenu awe na taa yake ya kuvaa kichwani. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Tafuteni vile vyuma vyenye meno vinavyovalishwa juu ya viatu. Mtavihitaji zaidi wakati wa kushuka.

Nguo: acheni jinzi na fulana za pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki, nayo inawanyonya joto. Vaeni sufu au nguo za michezo ndani, sweta juu yake, na koti la kuzuia upepo. Anzeni mkihisi ubaridi kidogo. Baada ya dakika kumi za kupanda mwili utapata moto. Mkianza kutokwa jasho, vueni sweta. Najua kusimama na kufungua begi kunachosha, lakini jasho la kupanda ndilo linalowagandisha mkisimama kileleni. Huko juu, mita 600 peke yake hupunguza takriban nyuzi 4. Chini kukiwa na nyuzi 4, kileleni ni sifuri, na upepo wa kilomita 40 kwa saa utaifanya ngozi ihisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Pigeni picha, kunyweni kitu cha moto kwenye themosi, mshuke.

Mdogo wako atangulie, ili mwendo uwe wake. Na mwachieni mtu nyumbani karatasi yenye njia mtakayopita na saa mnayotarajia kurudi. Mkifika chini mpigieni papo hapo, hata kabla ya kuvua viatu.