Geji ya kutangulia katika Saab 900 Turbo
Ndugu, kwa kuwa umeuliza geji ipi (saa ya kupimia hali ya injini) itangulie kufungwa katika gari la Saab 900 Turbo ulilolinunua karibuni, ningeanza na ya presha ya oili kabla ya ile ya presha ya turbo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Shafti ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili ya injini, na taa nyekundu ya dashibodi huwaka pale tu presha inapokuwa imeshuka mno, wakati ambapo madhara huenda yamekwisha kutokea. Chagua geji yenye sensa ya umeme, kwa sababu ile ya mtindo wa zamani hupitisha mrija wa oili ya moto hadi karibu na miguu ya dereva, jambo ambalo sioni sababu ya kulivumilia. Geji ya turbo iliyotoka kiwandani huonyesha rangi bila tarakimu. Iache ilipo, maana inapendeza, kisha ongeza nyingine yenye tarakimu za bar, kizio cha presha. Geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli ifuate, sensa yake ikifungwa kwenye bomba la ekzosi baada ya turbo, kwani kabla yake joto na mgandamizo huiharibu. Kabla hujazisoma hizo zote, usiongeze presha ya turbo hata kidogo.